Siri za Watu Winguni

Mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mama yangu, kule Bukoba, alikuwa akifungia hata chumvi kabatini, na mimi nimerithi ufunguo bila kabati. Kwa hiyo siku nilipoalikwa kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo pale Mirongo, Mwanza, kufundishwa jinsi ya kuhifadhi kumbukumbu za biashara “kwenye wingu”, nilikwenda kwa nia moja tu: kumkamata mtu akitudanganya.

Nilikuwa na ofisi ya ushonaji, maana sisi mafundi hata kibanda tunakiita ofisi. Yangu ilikuwa na vyumba viwili karibu na mto, cherehani sita na madaftari kumi na moja ya vipimo. Watu hudhani mali ya fundi ni cherehani. Cherehani ikifa unanunua nyingine. Mali yangu ilikuwa yale madaftari: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na pembeni maelezo ambayo mteja hamwambii hata dada yake. Huyu bega moja limeshuka. Huyu aliwahi kuvunjika nyonga, sketi ikatwe kwa kuangalia mguu wa kulia. Bibi harusi huyu, acha nafasi kiunoni, harusi ni baada ya miezi mitatu na mwenyewe anajijua. Fundi mzuri ni yule anayejua akanyamaza. Hilo nilimwambia kila aliyetaka kunisikiliza, na wasiotaka pia.

Mwenzangu katika kazi alikuwa Msukuma wa Misungwi, mdogo kwangu kwa miaka saba. Tulianza na cherehani moja tukipokezana. Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wetu, kwa sababu zamani alikuwa karani wa kupiga chapa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Kasoro yake ilikuwa herufi moja. Herufi r kwake haikuwapo, si mdomoni wala kwenye karatasi. Aliandika “gauni la halusi” na “sketi ya malinda”, nami nilipita nyuma yake na kalamu nyekundu nikisahihisha, kana kwamba mteja atavaa daftari. Alikuwa akinijibu kwamba Mhaya hakosi la kujivunia, akikosa digrii atajivunia herufi. Tulicheka. Miaka kumi na minane ilikwenda hivyo, na sikumbuki tukigombana kwa jambo lililovuka siku mbili.

Mtoa mada kwenye semina ile alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyomshuka puani. Alisema tusiogope jina. Wingu si wingu. Ni kompyuta kubwa za kampuni, zimekaa kwenye majengo yao huko mbali, nawe unakodi nafasi ndani yake kwa njia ya intaneti. Unalipia kadiri unavyotumia, kama maji ya bomba. Kompyuta yako ikiibwa au ikiungua, kumbukumbu zako zipo salama, utazifungua kwa kompyuta nyingine au hata kwa simu, uwe Mwanza au uwe Ngara. Watu wawili mnaweza kuandika kwenye daftari moja mkiwa sehemu mbili tofauti. Unachotakiwa kuwa nacho ni neno la siri tu.

Watu waliandika. Mwenzangu alijaza kurasa tatu. Mimi nilikunja mikono, maana huku kwetu wingu tunalijua vizuri: linaning'inia juu ya ziwa tangu asubuhi, unaanua nguo, unatega ndoo, halafu linakwenda kunyesha Ukerewe. Jina hilo tu lilitosha kunipa mashaka.

Ulipofika wakati wa maswali nilisimama. Niliuliza hizo kompyuta ni za nani, na kama mwenye jengo hana ufunguo wa akiba. Yule mama hakukwepa. Alisema kampuni inaahidi kutofungua, na maandishi yanageuzwa yasisomeke na mpita njia, lakini mwisho wa yote ni kweli kwamba unamwamini mtu, kama unavyomwamini mwenye ghala uliyemwachia mpunga wako. Nikamwambia mpunga hauna jina. Na ili aelewe vizuri nikampa mfano. Nilisema nina mteja, simtaji, anakaa Kiseke, mumewe ni mkuu wa shule, amekatwa titi la kushoto kwa sababu ya ugonjwa; nguo zake nazishona nikiweka pamba upande huo, wala hakuna ajuaye. Je, na hilo nilipeleke winguni? Watu wakapiga makofi. Nilikaa nimeridhika sana na nafsi yangu. Mwenzangu hakupiga makofi, nami nilidhani ni kwa sababu alikuwa ameshalipenda lile wingu.

Sikushawishiwa na semina. Nilishawishiwa na mchwa, waliokula daftari la nne kutoka nyuma kwenda mbele bila kugusa jalada, tukaligundua siku mteja wake aliposimama mlangoni. Ndipo mwenzangu akanibana, nami nikakubali kwa masharti. Tukanunua kompyuta, tukamwita yule mtaalamu mwenye miwani aje ofisini atuunganishe.

Jambo la kwanza aliloniomba lilikuwa namba ya simu. Alisema ni ya kunisaidia siku nikisahau neno la siri. Nilikataa. Alieleza tena kwa upole kwamba namba hiyo ni mlango wa dharura, nikamjibu kuwa nyumba yenye milango miwili huibiwa mara mbili. Akabonyeza pale pa kuruka, tukaendelea. Ulipofika wakati wa neno la siri lenyewe, nilimwomba atoke nje. Nikafunga mlango, yeye akabaki juani karibu na fundi viatu. Ndani nikainama kwenye sikio la mwenzangu aliyekuwa kwenye kompyuta, nikamnong'oneza: siri za watu, yote kwa pamoja bila nafasi, na mwishoni sita, kwa ajili ya cherehani zetu. Nililipenda neno hilo kwa sababu ndilo lililokuwa mle ndani. Kwenye kioo zilionekana nukta tu. Nilizihesabu, zilikuwa kumi na moja, sawasawa. Akaandika mara ya pili kuthibitisha, zikawa kumi na moja tena. Kompyuta ikauliza kama ilikumbuke neno lile, mwenzangu akabonyeza ndiyo, na tangu siku hiyo haikutuuliza.

Kuhamisha madaftari kulichukua miezi. Mimi nasoma, yeye anaandika. Sitakuwa mwongo: kitu kilifanya kazi. Mteja alipiga simu kutoka Sengerema akitaka gauni la pili kwa vipimo vilevile, na mwenzangu, akiwa kwake nyumbani anapika, alifungua simu na kumjibu hapohapo. Alinisimulia kwa furaha kesho yake. Mimi nilicheka naye, lakini moyoni niliingiwa na mwiba. Kumbe vifua na viuno vya watu wangu vinalala kwake, ndani ya pochi.

Kuanzia hapo nilianza kumwangalia. Mtu ukishaanza kumwangalia, kila anachofanya kinajibu swali lako. Niliona anaweka simu kifudifudi mezani. Niliona kuna simu fulani anazotoka nje kuzipokea, anasimama karibu na mtaro, anaongea chini chini na kurudi macho hayanitazami. Nilimuuliza mara moja ni nani, akasema ni mtu tu. Miaka kumi na minane hakuwahi kuwa na “mtu tu”.

Kisha nikaenda harusini Kiseke, nikamwona yule mteja wangu, mke wa mkuu wa shule, amevaa gauni ambalo sikulishona mimi. Nililichunguza kutoka meza ya tatu kama daktari. Lilimkaa. Bega limekaa, kiuno kimekaa, na upande wa kushoto pamba imewekwa vilevile ninavyoiweka mimi, ikishuka kidogo ili isionekane imewekwa. Alinipungia mkono kwa mbali na hakuja kunisalimia. Kulikuwa na fundi mpya Kiseke, nilikuwa nimesikia habari zake. Nikajumlisha: wanaojua kuhusu ile pamba ni mimi, mwenzangu, na wingu. Mimi sikusema. Wingu halina mdomo.

Jumatano asubuhi nilimwambia mbele ya mafundi wote kwamba ameuza daftari langu Kiseke, nikamuuliza amekula nini kwa yule fundi. Cherehani zote zilisimama. Alivua futi ya kupimia shingoni, akaikunja taratibu, akaiweka mezani. Nilitegemea akane kwa kelele, na kama angepiga kelele nadhani ningemwamini.

“Sili za watu, dada,” akasema.

Basi. Kwetu mtu akisema hivyo unajua anazungumzia mkono wake na mfuko wa mwenzake. Nikamjibu kwamba wote wanaokula husema hivyohivyo. Alichukua mkasi wake aliokuja nao siku ya kwanza, akaondoka na hakubamiza mlango. Niliwaambia mafundi waendelee na kazi. Neno la siri, nikasema moyoni, nitamwita yule mtaalamu wiki ijayo alibadilishe.

Wiki ijayo ilitanguliwa na Jumapili. Mvua ilianza tukiwa misa ya pili, ikanyesha mpaka mchana, na mto Mirongo ukafanya kile unachofanya kila ukikasirika. Nilipofika ofisini maji yalikuwa magotini. Kompyuta ilikuwa imekaa chini ya meza ya kukatia. Na madaftari, maana sikuwa nimeyatupa, mtu kama mimi hatupi, nilikuwa nimeyaficha kwenye sanduku la bati chini ya meza ileile, nyuma ya mabaki ya vitambaa, ili wingu likinigeuka niwe na changu. Nililifungua sanduku nikiwa nimesimama ndani ya maji. Wino wote ulikuwa umeyeyuka. Kurasa zilikuwa na rangi moja ya buluu, kifua na kiuno havitofautiani.

Nilikaa juu ya meza nikalia. Kulikuwa na kwaya kutoka Ukerewe, watu thelathini na wawili, nimewapima siku moja wakapanda meli kurudi Nansio; jubilei yao ilikuwa baada ya wiki mbili na kitambaa hakijaguswa. Kulikuwa na wateja wengine wote wa maisha yangu. Kila kitu nilichokuwa nacho kama fundi sasa kilikuwa mahali pamoja tu, mahali ambapo sikuwahi kupaamini.

Jumatatu niliazima kompyuta ya jirani anayeuza vifaa vya maofisini. Nikafungua ukurasa, nikaandika kwa kidole kimoja: sirizawatu6. Ikakataa. Nikavaa miwani, nikaandika tena herufi moja moja. Ikakataa. Mara ya sita ikaniambia nimekosea mno, nisubiri. Sikuhitaji kusubiri ili nielewe. Amelibadili. Kaondoka Jumatano, kalibadili Alhamisi, na sasa amekaa Misungwi na watu wangu wote mfukoni. Nakiri kwamba pamoja na hasara ile yote nilisikia raha fulani, raha ya mtu aliyesema tangu mwanzo.

Nilimpigia yule mtaalamu. Aliniuliza kama niliweka namba ya simu, halafu akakumbuka mwenyewe. Alisema basi mlango una ufunguo mmoja tu, na ufunguo uko kwa yule aliyeuandika. Nikamwambia aliyeuandika ni mwizi. Akasema tukifanikiwa kuingia tutajua, kwa sababu wingu huandika kila anayeingia na saa aliyoingia. Hakunikumbusha mambo ya mlango wa dharura. Ningependa angenikumbusha, nikapata wa kumkasirikia.

Jumanne nikaenda Misungwi. Nilimkuta barazani kwa mama yake, anashona sare za shule kwa cherehani ya kuazima. Nilimpa mama shikamoo, akaniitikia marahaba na kuniletea kiti, kumaanisha kwamba hakuwa ameambiwa lolote. Hilo lilinivuruga. Nilikuwa nimejiandaa kukuta nyumba nzima inanijua mimi ni nani.

Nilimweleza mwenzangu kuhusu mafuriko. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna fundi aliyeumia. Mama yake alipoingia ndani nikamwambia wazi kilichonileta: anipe neno alilobadilisha, na mengine tutayazungumza siku nyingine. Alisema hajabadilisha kitu. Nikasema nimeandika lilelile mara sita.

Alichukua simu yake, akajitoa kwenye daftari letu ili aingie upya nikiona. Simu ina tabia tofauti na kompyuta: kila herufi inaonekana kidogo kabla ya kugeuka nukta. Nilisogeza kichwa. Akaandika s. Akaandika i. Akaandika l.

“Umekosea,” nikamwambia, “ni r.”

Aliendelea mpaka mwisho, nukta kumi na moja, akabonyeza. Daftari likafunguka. Kwaya ya Ukerewe ndiyo ilikuwa juu kabisa, sauti ya kwanza, wote kumi, na urefu wa mikono yao. Nilikuwa nimemnong'oneza kwa r yangu, yeye akaandika kama alivyosikia siku zote, na ile kalamu yangu nyekundu haikuwa na pa kupita kwa sababu kwenye kioo palikuwa na nukta tu.

Akanifungulia na ukurasa mwingine, ule wa walioingia. Akanipa simu nisome mwenyewe. Kompyuta ya ofisini, kompyuta ya ofisini, kompyuta ya ofisini. Simu yake mara chache, na kila mara niliikumbuka: yule wa Sengerema, yule wa suti ya kipaimara. Tangu Jumatano hakuna aliyeingia, mpaka sisi dakika ile. Nilisoma mpaka chini, nikarudi juu nikasoma tena, nikitafuta hata mara moja tu.

Nikamuuliza basi yule fundi wa Kiseke alijuaje kuhusu pamba. Alinyoosha upindo wa sare mapajani.

“Ulisema wewe, dada,” akasema. “Pale ukumbini.”

Wifi yake yule mteja wetu wa Kiseke alikuwa amekaa viti viwili nyuma yetu. Kiseke kuna wakuu wa shule wangapi wenye wake waliotoka hospitali? Habari zilifika nyumbani kabla ya jioni, mpaka kwa watoto, ambao walikuwa hawajaambiwa. Yule mama alimpigia mwenzangu akilia, si mara moja, na ndizo zile simu za kupokelea karibu na mtaro. Alikuwa amelichukua gauni la zamani nililomshonea mimi, akampelekea fundi mwingine alifumue na kulifanya kielelezo. Na alimwomba mwenzangu asiniambie, kwa sababu hakutaka kuzungumzwa mara ya pili.

Nilimuuliza kwa nini hakunijibu Jumatano. Alisema alinijibu. Nikayarudia yale maneno yake kichwani kwa mdomo wake, kisha kwa mdomo wangu, ndipo nikapatwa na aibu ambayo haijanitoka. Mpaka leo sijui alisema lipi, kwamba yeye si wa kula vya watu, au kwamba zile zilikuwa siri za watu. Sijamuuliza. Yote mawili yalikuwa kweli.

Nilimwomba msamaha na nikamwomba arudi. Msamaha aliupokea haraka, kana kwamba anapokea kitambaa cha mteja, bila kusema atakifanyia nini. Kuhusu kurudi alisema tumalize kwaya kwanza. Akasoma, nikaandika kwenye daftari la shule la mtoto wa jirani, watu thelathini na wawili. Safari hii yeye alisoma mimi nikaandika, na sikumsahihisha neno. Tulipomaliza akaniambia nibadilishe neno la siri papo hapo, yeye hatatazama. Akanipa simu, akageuza kiti, akanipa mgongo.

Nilikaa nimeishika. Nilimtazama kisogo chake na zile pini alizozoea kuzichomeka kwenye kilemba ili asizipoteze. Sikubadilisha. Nilichofanya ni kuweka namba ya simu, ule mlango wa dharura, na namba niliyoweka haikuwa yangu.

Kwaya iliimba jubilei yake ikiwa imevaa. Mwenzangu amefungua ofisi yake Misungwi na inakwenda vizuri; tunapigiana simu, zaidi kuhusu vitambaa. Yule mama wa Kiseke sijamwendea. Nimefika karibu na nyumba yake mara mbili, nikageuza, kwa sababu kila namna ya kuomba msamaha niliyoifikiria inaanza kwa kulitaja jambo lenyewe.

Kompyuta mpya iko juu ya kabati. Nimeikataza kukumbuka neno la siri, kwa hiyo kila asubuhi inaniuliza, nami kila asubuhi naandika, kwa l, kwamba sili za watu. Inanikubalia, inanifungulia. Yenyewe haikuwapo ukumbini.